Safari ya Kuunganisha

Mabati ya Nkuhungu yanapoa, yanalia ta, ta,
nami nimekaa jikoni, simu nimeichomeka ukutani,
waya mfupi, shingo imenipinda.
Natafuta njia ya kwenda Shelisheli.

Sechelela, jina hilo ulilitamka mwaka tuliooana,
ulipoonja shelisheli la kuchemsha kwa shangazi yako Muheza,
ukauliza: kama tunda hili lina visiwa vyake,
mbona ubuyu hauna hata kituo cha basi?
Nikacheka. Sikujua kwamba unaweka nadhiri.

Sasa fedha ipo. Ekari moja ya zabibu Mpunguzi,
misimu minne, kwelea, ukungu wa majani,
mnunuzi aliyetoweka na kreti zetu kumi na nane;
ipo hivyo hivyo.
Kinachokosekana ni siku. Hospitali wamekupa saba,
masijala wamenipa saba,
na wakuu wetu hawakuulizana.
Zinakutana tano.

Dodoma hadi Dar, saa moja na kitu. Hapo sina neno.
Kisha kioo kinaanza vituko.
Kinanipeleka Nairobi, kinanilaza.
Kinanipandisha Dubai, kaskazini kabisa,
halafu kinanishusha tena kusini
kama mtu wa Nkuhungu anayekwenda Makole
kwa kupitia Singida.
Inaitwa safari ya kuunganisha,
lakini kazi yake ni kukatakata.

Na saa zao! 15:40. Natoa sita: saa tisa na dakika arobaini.
23:05. Natoa sita, kumi na saba;
natoa tena kumi na mbili, saa tano usiku.
Bili ya maji imejaa hesabu mgongoni.

Nikapata moja ya mbio: dakika arobaini na tano
za kushuka, kukaguliwa, kuvua mkanda, kuuvaa,
kulitafuta geti katika jengo nisilolijua.
Nikajipima. Nilivua mkanda na viatu papa hapa,
nikakimbia hadi choo cha nje na kurudi, mara kumi na mbili,
mbwa wa kina Mbeleje akinitangaza mtaa mzima.
Dakika tisa. Inawezekana, nikasema, nikihema.
Kisha nikalikumbuka goti lako la kushoto,
lile la ngazi za wodini.

Iliyobaki ni ya Addis. Saa kumi na moja za kungoja.
Si saa kumi na moja ya alfajiri, hapana,
kumi na moja nzima, moja baada ya nyingine, juu ya kiti cha chuma.
Nikaifuta. Ikarudi. Nikaifuta.

Ukaingia kutoka zamu, soksi mkononi,
ukasoma juu ya bega langu kwa jicho lile la chati za wagonjwa.
Nikaanza kuomba radhi kwa niaba ya Addis.
Ukasema: "Hizo saa kumi na moja, kuna mtu atagonga mlango?"
Hakuna.
"Wa kuniita sista?"
Hakuna.
"Ufunguo wa stoo? Mtoto wa Mbeleje na homa yake?"
Hakuna, Sechelela. Watu wanapita tu na mabegi yao.
"Na wewe utakuwepo? Hutakwenda shamba?"
Niende wapi? Mimi pia ni abiria.

Ukavuta stuli, ukalilaza lile goti juu ya paja langu.
"Mara ya mwisho tulikaa hivyo
ni siku lori lilipotufia Kibaigwa.
Ulikuwa unanisimulia habari za baba yako.
Mpaka leo hujamaliza."

Nikabonyeza Addis.
Kioo kikazunguka, kikazunguka,
kikanijibu kwamba bando limekwisha.

Sasa niko nje, vumbi la Agosti linanipiga mswaki,
naelekea dukani kwa Chilongani kabla hajafunga,
na njia nzima najaribu kukumbuka
baba nilimwachia wapi.
Alikuwa ameshauvuka mto Bubu, nadhani,
na ng'ombe walikuwa watatu.
Au wanne.