Daftari la Toru

Saa nane usiku, Naryn, theluji hadi magotini.
Toru anaparapara, anageuka kulitazama tumbo lake
kama mtu aliyeitwa kwa nyuma.
Mara ya nne tangu Novemba.

Burulcha anamtoa nje, wanazunguka zizi.
Farasi agaagaaye hali tena: utumbo hujisokota.
Nyasi kavu aliziloweka. Maji aliyapasha.
Daktari alishasema: haponi huyu, anatunzwa tu.

Anabandika sikio ubavuni.
Kimya cha kisima kilichokauka.
Wanazunguka.

Karibu alfajiri, ngurumo ndogo. Mkia unainuka:
mavi, yanafuka mvuke juu ya theluji.

Burulcha anacheka peke yake, anavua glavu kwa meno,
anaandika: saa kumi na mbili kasorobo. Madonge saba.

Halafu, kwa penseli ileile:
jioni, loweka tena.