Visiwa Kabla ya Bara

Siku ya kumi na saba, kwa hesabu yangu mwenyewe,
penseli nyuma ya kalenda ya duka la dawa.
Magesa hajui. Yuko Mwaloni na magunia ya dagaa,
anabishana na mizani.

Mimi niko Butimba, nimeinamia hadubini,
dirisha limejaa mawe na kipande cha ziwa.
Nahesabu damu za watu. Ndiyo kazi.
Kidole kwenye kihesabio: tik, tik.

Na ndani yangu, pasipofika lenzi,
damu inaanza.
Si moyoni, moyo haujapiga.
Si mfupani, mfupa bado ni ahadi.
Hata mwilini si mwilini: inaanzia nje,
kwenye kifuko cha kiini kilichoning'inia pembeni,
chembe zikijikusanya makundi makundi.
Kitabu cha chuo kiliyaita visiwa vya damu.
Nilicheka darasani.
Mwalimu Mutalemwa akauliza kulikoni.
Nikamjibu: kwetu ni Ukara, mwalimu.

Basi habari ya visiwa naijua.
Kati ya kisiwa na kisiwa njia hufunguka,
njia hukutana, huwa mshipa,
na siku moyo utakapopiga pigo la kwanza
utakuta abiria wamesimama gatini, tangu alfajiri.

Chembe hizo za kwanza ni kubwa, zina kiini bado,
kama mtoto aliyetumwa dukani
na pesa kaifumbata ngumini.
Hazikai. Ini litapokea zamu,
kisha uboho.
Huko kwenye uboho ndiko ninakokuogopa.

Maana nimebeba nusu ya selimundu, na Magesa nusu.
Tulipima tukiwa tumeshakula pilau ya harusi.
Nyangeta wetu alitimiza miezi minane,
vidole vikavimba kama ndizi za kuchoma.
Sasa ana miaka saba. Chupa yake ya maji
nimeichora mistari kwa kalamu ya wino mzito:
mpaka hapa kabla ya mapumziko,
mpaka hapa kabla ya kengele ya mwisho.
Hurudi nayo nusu, akasema alisahau.

Huyu wa pili sijui atavuka na nini.
Moja kwa nne, nawaambia wenzangu wa kliniki,
kwa sauti ya kawaida kabisa.
Ila leo hakuna mundu.
Damu ya visiwani haijajifunza kupinda.
Leo ni leo, na ni nyekundu, nadhani,
ama ndiyo kwanza inafikiria kuwa nyekundu.

Nimepoteza hesabu, nilikuwa sitini na tatu.
Nafuta lenzi, nasogeza kioo.
Moja.