Deni la Maini

Saa tatu asubuhi, Januari, na jua halijatia nia.
Oddlaug anapigana na kifuniko cha chupa
kilichobuniwa ili watoto wasikifungue.
Watoto wangekifungua.
Yeye hukibana kwenye mlango, kati ya fremu na bawaba,
akaizungusha chupa kwa viganja viwili
kama apekechaye moto,
hadi kitoe mlio: tak.

Lugha yangu inauita ugonjwa wake baridi yabisi,
baridi kavu.
Hapa Lofoten baridi ni mbichi,
inachuruzika ukutani, inalala ndani ya glavu.

Miaka thelathini na mmoja alisimama kiwandani
akiwatumbua chewa,
maini pipa hili, matumbo pipa lile,
mikono ndani ya maji yenye vipande vya barafu.
Vidole vilianza kupinda palepale, kimoja kimoja,
kama misumari iliyokosewa nyundo.
Sasa anayanunua maini yaleyale,
krona mia mbili na tisini, mafuta yake ndani ya chupa,
na wastaafu wanapunguziwa kidogo.
"Walichukua kwa ndoo," anamwambia paka,
"wananirudishia kwa kijiko."

Baada ya kijiko, glukosamini:
ganda la kaa, limesagwa likawa unga mweupe.
Bahari nzima anaimeza kabla ya kahawa.

Daktari Sivert, mdogo kuliko koti lake,
alipitia orodha na kalamu mkononi.
Hiki hakina ushahidi. Hiki, pengine.
Mafuta, kijiko kimoja, usizidishe.
Manjano, hapana kabisa:
yatagombana na dawa yako ya damu.
Akachora mstari.

Lakini manjano yanatumwa na Ragnfrid, binti yake, kutoka Bergen,
chupa mpya kila mwezi, na kadi yenye ua.
Na simu ya Jumapili huuliza: Mama, unameza?

Basi chupa ile ya mlangoni, ile ya tak,
ndiyo ya manjano.
Kila asubuhi anaifungua kwa maumivu yote yale,
anatoa kidonge kimoja,
anakitupa kwenye maganda ya viazi
ili Ragnfrid akija Pasaka
akute chupa imepungua inavyopaswa.

Nilimwuliza kama kuna kinachosaidia.
Alitazama vidole vyake muda mrefu,
kama mtu anayehesabu wageni.
"Kijiko," akasema. "Au mazoea ya kijiko."
Kisha akanipa chupa.
"Funga wewe. Lakini usikaze sana."