Kisanduku cha Saba

Umeme ulirudi Katuba saa nane na robo usiku.
Faili lilikuwa palepale nilipoliacha:
wastaafu elfu kumi na moja,
kila mmoja ndani ya nyumba yake ya maneno,
na kila chumba kina mlango wa kuingilia
na mlango wa kutokea wenye mkwaju begani.
Usahau kufunga mmoja tu,
faili zima linakataa kusomeka,
kama mama mkwe aliyepitwa bila salamu.

Kazi yenyewe kuieleza ni fupi:
soma jina, lipeleke kwenye kisanduku cha jina.
Mwaka, namba ya kazi, jina la bwana,
vijae kabla mtu hajaketi,
asiulizwe tena yale aliyoulizwa na makarani wanne,
wawili wao marehemu.

Asubuhi, wa kwanza ni Mama Numbi Kyabu,
miwani imefungwa uzi wa samaki.
Nikabonyeza.
Visanduku vikaruka kujaa kama bisi kikaangoni.
Akavuta kiti, akasoma kwa sauti:
Kyabu. Numbi. Sabini na nne.
Bwana: MWEWA KISIMBA, fundi wa tanuru.
"Mh. Bado wanamwandika kwa herufi kubwa."

Kisanduku cha saba kikabaki cheupe.
Nchi ya kuzaliwa.
Nikabonyeza tena. Cheupe.

"Mama, ulizaliwa wapi?"
"Kamalondo. Ukivuka reli tu."

Nikalifungua faili, nikashuka chumba kwa chumba,
nikaikuta imeketi, haina habari: Zaïre,
ile i yenye vidoto viwili
imevunjika kuwa alama ya kuuliza.
Na chini yake, jimbo: Shaba.
Orodha yangu ya nchi niliipanga mwenyewe kwa alfabeti.
Baada ya Yemeni inakuja Zambia,
na katikati yao hapapiti hata wembe.
Neno lisilo kwenye orodha halipigi kelele.
Linafika, linakosa kiti, linaondoka.

"Weka Kongo," akasema. "Mimi sikuhama hata nyumba."

Nikaandika mstari mmoja: ukikuta ile, weka hii.
Katika faili sikugusa kitu.
Banza, mkubwa wangu, alipita na chai yake,
akauliza wako wangapi wa namna hiyo.
Nikahesabu. Elfu tisa na kitu.
Akasimama pale mpaka chai ikapoa.

Lakini mama alikuwa ameshuka mbele yangu,
kidole kwenye kioo, kisanduku cha mwisho kabisa:
tarehe ya kufariki kwa bwana.
"Na hii? Mashine haiijui?"
Nikatazama. Chumba kilikuwepo,
kimefunguliwa na kufungwa kwa pumzi moja,
ndani hakuna kitu.
"Haiijui, mama."

Akajifuta mikono kwenye kitenge,
akalivuta kibodi upande wake.
"Nionyeshe ilipo tisa."