Mistari Nyuma ya Mlango

Bomba la Vingunguti lilikohoa siku mbili, likanyamaza.
Tangu hapo maji ni ya Pazi na mkokoteni wake,
dumu moja mia tano, malipo mwisho wa mwezi,
na kwa kila dumu shangazi Sikudhani
huchora mstari wa mkaa nyuma ya mlango.

Umeme ulikatika nikiwa kitandani, sina la kufanya.
Nikamulika ukuta kwa simu. Sikuona deni.
Niliona namba:

1111111111111111111

moja peke yake mbele, kama imamu,
nyuma yake safu sita za watatu watatu.
Isome toka mlangoni, isome toka dirishani,
ni ileile.

Nikaanza kuigawa, kama mtu anayechokoa jino.
Kwa mbili, ikabaki moja. Kwa tatu, moja.
Tano, moja. Saba, nikarudia mara mbili, moja.
Kumi na moja na kumi na tatu nazo zikaenda zao,
kila moja ikaacha moja yake sakafuni.
Kumi na saba tu, korofi, ikabakisha tisa.
Kumi na tisa, moja tena.
Chaji ikaniishia kwenye thelathini na saba,
na kipeuo chake kiko huko mbele, kimeipita bilioni.

Kesho yake kompyuta ya chuo ilijibu kabla sijavuta kiti:
namba tasa.

Nikamweleza shangazi, yuko anapepeta mchele.
Ungo ukasimama.
Neno hilo analijua. Lililetwa na mawifi wa Kiwalani,
likamfungia virago mwaka ule wa mafuriko.
"Nani aliyezipa jina hilo? Mwanamume?"
Nikasema sijui. Nikasema haigawanyiki
ila kwa moja, na kwa yenyewe.
Nikasema sita, elfu, hata mamilioni ya benki,
ukiyafumua, mwisho wa uzi unazikuta hizi tasa:
ndizo zilizozizaa.
Akanitazama kitambo.
"Chota maji," akasema, "dagaa wanaungua."

Lakini usiku nilimsikia akihesabu nyuma ya mlango,
kwa kidole, bila taa.

Mwisho wa mwezi akaja Pazi. "Ishirini," akasema.
"Kumi na tisa," akasema shangazi. "Mkaa hausemi uongo."

Mkaa hausemi uongo. Aliyenyamaza ni mimi.
Ijumaa ile, shangazi akiwa msibani,
dumu la ishirini nililipokea mimi, nikaliogea,
mkaa nikaushika, nikaurudisha chini.
Mstari mmoja tu zaidi, na namba ile
inavunjika vipande saba kama sahani:
kumi na moja, arobaini na moja, mia na moja...
Sikuweza.

Akahesabiwa elfu tisa na mia tano. Hakubisha.
Alikunja noti, akasukuma mkokoteni mtupu.
Nilimfikia kwenye kona ya machinjio
na sarafu ya mia tano, imepata joto la kiganja.
"Ya nini?"
"Ya Ijumaa."
Akaigeuza, akaitazama pande zote mbili,
akaitia mfukoni kana kwamba alikuwa akiingoja.

Bomba limerudi, linatema kutu kwanza, kisha maji.
Shangazi kapaka chokaa chumba kizima
kasoro nyuma ya mlango.