Visanduku Viwili

Mwalimu Ruhwanya kagawa karatasi:
Ijumaa zirudi. Kalamu ya bluu, hakuna kufuta.
Fizikia na kemia ubaki nazo,
au uziage hapa hapa, kidato cha pili.
Baiolojia haiulizwi. Ni ya wote,
kama vumbi la Uvinza.

Wa fizikia hatuna tangu Machi.
Kitabu kimoja, kurasa za umeme zimenyofolewa,
mtu kafungia karanga.
Skolastika keshatia tiki kwenye historia:
"Divisheni, shoga, si sifa."

Nikaenda nayo mfukoni hadi matanurini.
Mama anakoroga. Maji ya chumvi yanatokota,
yanapungua, yananyamaza,
kisha weupe unaanza
kandokando ya karai.
"Mbona pembeni kwanza, si katikati?"
Akanitazama kama nimemuuliza umri wake.
"Miaka kumi na tisa nakoroga, hilo sijaliuliza.
Ukilijua, uje uniambie."
Akarudi kwenye mwiko.

Leo Alhamisi. Kalamu ya kuazima.
Tiki imepinda, mkia umetoka nje ya kisanduku.
Skolastika kachungulia: "We! Kwa nani utasoma?"
Sijui.
Nimemwambia tu
kuna mtu ananidai jibu.