Mizani

Miaka kumi na tisa nilipima miwa pale Mumias,
trela baada ya trela, nikiandika tani kwa wino.
Sukari ilipita mbele yangu, sikuidai hata kijiko.
Sasa imenifuata yenyewe nyumbani,
imekaa damuni kama shemeji asiyeaga.

Vidonge viwili, asubuhi na jioni,
vikubwa kama vifungo vya koti.
Juma la kwanza ulimi ukawa sarafu ya zamani;
hata mrenda wa Nanzala ulikuwa na ladha ya bati.
Juma la pili tumbo likashika usukani:
nakijua kila choo toka Shibale hadi Matungu,
kipi kina komeo, kipi kina nyuki.
Mazishini kwa Wangatia nilisimama nyuma, karibu na njia,
wakadhani nalia peke yangu.

Nikaanza kuvificha ndani ya birika lenye ufa.
Nanzala hakusema kitu.
Jioni moja akalipindua mezani:
kumi na moja.
"Karani ni wewe," akasema. "Andika."

Kliniki, Achitsa hakunikaripia.
Alipunguza: kimoja tu, katikati ya chakula.
"Na ugali nao upungue.
Tumbo ni mwanafunzi mgeni, lipe muhula."

Bado linanguruma, hasa kwa maharagwe.
Lakini leo nimekaa ibada nzima,
hadi sadaka, hadi matangazo,
nikatoka na wenzangu, polepole,
karatasi ya choo mfukoni,
imekunjwa vilevile nilivyoikunja.